Tamasha Lililofunga Jiko la Masi

Masi wangu Savita, mama mdogo wangu wa ugenini,

Kaa kitako kabla hujasoma, maana umeandikiwa na mwanamume aliyewafundisha Waingereza wa Queensbury, hapa London, kula pilipili. Usicheke. Nani mwingine? Kabla yangu walikuwa wakila viazi vya kuchemsha visivyo na hata chumvi, kisha wakijiuliza huzuni inatoka wapi. Nikaja mie, na lile gari la buluu lenye mlango mmoja mbovu, na shati langu la kola ndefu, na sura hii ambayo Mungu alipomaliza kunipa mimi akajikuta hana akiba ya wengine. Nikawatia kachori mdomoni mmoja mmoja, mpaka wakawa wanasema asante huku machozi yanawatoka. Malkia hajala kachori kwa sababu moja tu: hajawahi kupita njia yangu.

Najua utasema nini. "Wewe iko mdomo kubwa, kazi kidogo." Maisha yako yote Jinja ukiuza vitambaa kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe hakikunyooka hata siku moja, na bado ukinitukana nacho nanyamaza. Mimi, mtoto wa Unguja mjini! Nikikwambia, "Masi, sema una mdomo mkubwa," unanijibu, "Mdomo yako ikijaa chapati, masomo itakwisha." Na kweli unanijaza chapati, na masomo yanakwisha.

Anwani ya Leicester nimepewa na Kulsumbai. Ameniambia unakaa kwa mwanao, na kwamba kutwa unasimama kwenye mashine ya soksi, kwa magoti yale yale yaliyokuwa yakishindwa na ngazi mbili za ukumbi wa kanisa. Tangu aniambie sijatulia. Nimekasirika, Masi. Nimekasirika kula, nimekasirika kulala, juzi nimemkasirikia mbwa wa jirani ambaye hana habari yoyote. Nataka tukumbushane mambo yalivyokwenda, toka mwanzo, kwa sababu wewe ukisimulia unaanzia mwisho halafu unalia.

Siku ya kwanza unaikumbuka? Mie nakumbuka hata koti. Koti la kiume, la kijivu, mlilogawiwa kule kambini mlikowekwa mlipofika kutoka Uganda. Chini ya koti sari, chini ya sari soksi za mpira wa miguu. Kondakta wa basi anakuuliza unashuka wapi, wewe unamwonyesha kikaratasi, naye anakisoma kwa sauti kubwa kana kwamba anamsomea kiziwi. Ukageukia dirisha, ukasema taratibu kabisa, "Punda hii napiga kelele bure." Mie nilikuwa kiti cha nyuma yako. Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Ukageuka kama askari. "Nani nacheka? Wewe Mswahili?"

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo baadaye. Queensbury iko wapi?"

Nikashuka nawe, ingawa mie nilikuwa nakwenda kwingine. Nikakubebea sanduku, na sanduku lenyewe jepesi kama halina kitu. Nikakuuliza mmeleta nini kutoka huko. Ukasema yule jenerali aliyewafukuza aliwaachia nguo mbili tatu, picha za harusi na kijiti cha kusukumia chapati, kwa sababu askari wa uwanja wa ndege alidhani ni fimbo ya kumpigia mume. Nikakwambia, "Basi Masi, alidhani vizuri." Hukucheka. Ulicheka hatua kumi mbele, ghafla, peke yako, katikati ya njia, na mvua ikikunyeshea.

Mwaka haukwisha ukawa na jiko. Chumba cha nyuma ya ukumbi wa kanisa, sinki mbili, dirisha lisilofunguka, na wanawake sita. Mmoja anakanda, wawili wanasukuma, mmoja anachoma, mmoja anakaanga, na wewe unaonja na kugombana. Sheria yako ilikuwa moja: nyama haivuki mlango, wala yai. Mie nilidhani ni mambo ya dini yako tu. Baadaye nikaona ulivyokuwa mjanja. Kwa sheria ile Kulsumbai, Mwislamu wa Kampala, na Mama Jaswinder, Kalasinga wa Nairobi, na wewe Mhindu wa Jinja, mliweza kula sufuria moja bila mtu kumuuliza mwenzake kitu. Siku niliyoingia na mkate wenye soseji ulinifukuza kwa ufagio mpaka kwenye makaburi ya kanisa, nikaumalizia huko pamoja na marehemu.

Chapati zikifungwa kumi kumi kwenye karatasi, na kachori, na bajia, na chevda ile ya korosho ya kutafunwa kavu. Mie nazipakia, nazipeleka kantini ya kiwanda walikojaa watu wetu, kisha maduka ya Southall. Na watu wasidhani lile lilikuwa jambo dogo. Mume wa Kulsumbai alikuwa karani mkuu huko Kampala, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Hapa alikaa mbele ya hita akisubiri majibu ya kazi yasiyokuja. Nyumba yake yote ilikula kwa mikono ya mkewe. Mama Jaswinder alisomesha wawili kwa kusukuma chapati. Kila mmoja wa wale sita alikuwa na mlango nyuma yake, na watu ndani ya mlango. Wewe ulijua. Ndiyo maana hukufunga jiko hata siku uliyokuwa na homa, ulikuja na blanketi ukakaa juu ya gunia la unga, ukagombana ukiwa umekaa.

Kisha akaja Bwana Skafu.

Jina lake la kweli lilikuwa refu, la vipande viwili, lakini wewe ulimbatiza siku ile ile kwa ajili ya lile liskafu la sufu alilojizungushia shingoni wakati jikoni tunatokwa jasho. Mkuu wa kamati ya tamasha la sanaa. Akasimama katikati ya mvuke, miwani imemfifia, anakula bajia na kuzungumza, mie nakutafsirieni. Anasema mtaa huu umelala. Anasema tamasha litauamsha: ngoma, michoro, mashairi, michezo ya kuigiza barabarani, watu watatoka London nzima kuja kwetu. Maduka yatajaa. Kazi zitapatikana.

Kulsumbai hakuinua hata jicho kutoka kwenye karai. "Muulize, kazi ya nani?"

Nikamuuliza. Bwana Skafu akacheka, akasema hilo ni swali zuri sana, akachukua bajia nyingine.

Lakini wewe ulishaingiwa na matumaini, nilikuona. Kulikuwa na yule mjane wa Mbale na mkwewe, waliokuwa wakija kila wiki kuuliza kama kuna nafasi, nawe kila wiki ukiwapa chai na kuwaambia bado. Ukasema, "Tamasha ikienda vizuri, watu najua sisi, hawa wawili naingia kazi." Ukanunua jiko la pili la gesi. Ukaniambia nimwambie meneja wa kantini kwamba wiki mbili hatutaleta chapati, kwa sababu mikono ni ile ile kumi na miwili na makopo ya chevda na puri za tamasha hayajijazi. Meneja akasema hakuna tabu. Waingereza kila kitu hakuna tabu, mpaka tabu ifike.

Na kwenye mkutano wa kamati ukanituma mie. "Wewe enda. Wewe iko na Kiingereza, iko na mdomo. Sema sisi nataka meza ya kuuza. Basi, usiongeze." Nikavaa koti la baba, nikaenda. Niliporudi nilisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Meza tumepata, Masi! Mbele kabisa, karibu na jukwaa, mahali hata kipofu atatuona."

Ulinipa kachori tatu za moto, na ukawaambia wote kwamba kuanzia siku ile niitwe Bwana Kamati.

Sasa hapa ndipo damu inaponichemka. Walifunga barabara tangu Ijumaa. Ijumaa! Siku ambayo watu wanalipwa viwandani, siku ambayo yule mzee wa Kisumu mwenye duka la vitambaa huuza kuliko siku nne zote za nyuma. Hakuna gari lililoingia. Jumamosi watu walikuja kweli, walijaa, siwezi kukataa, nyuso zimepakwa rangi, watoto mabegani. Waliingia dukani kwa mzee wa Kisumu mmoja baada ya mwingine, naye kila mara anasimama, ananyoosha futi yake ya kupimia. Walikuwa wakiuliza choo. Biashara pekee aliyofanya siku tatu za tamasha ni choo, na aliifanya bure.

Jukwaa lililetwa kutoka mbali na watu wa kulijenga. Wasimamizi wenye utepe mkononi walikuja kwa basi lao, na mikate yao wamefunga toka kwao, hata maji hawakununua kwetu. Mabango yalichapwa ng'ambo ya mto, na hapa karibu na stesheni kuna mtu wa Nakuru ana mashine yake ya kuchapa, imekaa inamtazama. Vijana wa mtaa, walioambiwa kazi zitapatikana, walipewa mifuko wakaokote takataka za wageni, na malipo yao fulana. Fulana yenyewe imeandikwa jina la tamasha, ili mtu akusome vizuri ulivyofanywa mjinga.

Nisiwe mwongo mtupu: mmoja alipata. Kijana wetu mmoja, kondakta wa basi lakini si yule wa kelele, mpiga zile ngoma za tabla, alipiga pale jukwaani, mwalimu mkuu mmoja akamsikia, na hadi leo anafundisha watoto shuleni kila Jumatano na analipwa. Mie nilimpongeza. Lakini ukiamsha mtaa mzima ili mtu mmoja apate Jumatano, wengine tulale tu.

Na sisi? Sisi tulikuwa pale pale mbele, kama nilivyokuahidi. Wewe umevaa sari ya kijani, Kulsumbai amevaa dhahabu ya uongo, Mama Jaswinder anasukuma chapati huku watu wanampiga picha kama twiga. Mafuta yakachemka. Akaja mama mmoja wa Kizungu, akachukua kachori, akakunyooshea sarafu, nawe ukaipokea. Palepale akatokea mtu wa utepe.

"Hapa hamruhusiwi kuuza," akasema. Akatoa karatasi. "Nyinyi ni kikundi cha kujitolea. Leseni ya kuuza chakula ni yake yule."

Yule mwenyewe alikuwa nyuma yetu, ndani ya gari refu jeupe, amevaa kofia ya mpishi, anauza mchuzi wa njano wenye zabibu kwenye vikombe vya karatasi. Zabibu, Masi! Na foleni yake imepinda mpaka kona. Watu walikuwa wanakula chetu bure, wanalamba vidole, wanasema kizuri ajabu, kisha wanakwenda kununua kwake kwa sababu kwake ndiko kunakouzwa.

Ukanigeukia. "Anasema nini huyu?"

Niliichukua ile karatasi, nikaisoma, na baada ya hapo unajua mwenyewe. Nilimwambia yule mtu maneno ambayo hata kwa Kiingereza changu cha nusu darasa yalifika. Nikamwita mwizi, nikamwita mkoloni, nikapiga teke meza ya vipeperushi. Nikamfuata Bwana Skafu mpaka ngazi za jukwaa nikamwambia ametudanganya mbele ya Mungu na kaunsili ya mtaa. Alikuwa ameduwaa, mdomo wazi, anapekua daftari lake. Nikalisukuma daftari likaanguka chini. Wakaja wanne kunitoa. Wanne, si wawili.

Mkakaanga mpaka kila kitu kikaisha. Ulisema, "Chakula isirudi nyumbani, nabeba laana." Jioni Bwana Skafu akapanda jukwaani akawashukuru kina mama wa Afrika Mashariki kwa ukarimu wao, na uwanja mzima ukapiga makofi. Mama Jaswinder akafuta unga mikononi, akauliza, "Na haya makofi, yanakaangwa kwa mafuta gani?"

Jumatatu nikapeleka chapati kantini. Meneja akanipokea vizuri, akaniambia pole, wiki mbili ni nyingi, ameshapata watu wa kuleta mikate iliyokatwa, wafanyakazi wamezoea. Watu wetu wamezoea mkate baridi, Masi, kwa wiki mbili! Southall mwenye duka mmoja bado alichukua, wengine walishapata mleta wao. Ukapunguza siku. Ukapunguza mikono. Wale wawili wa Mbale waliacha kuja kuuliza. Kisha watu wa kanisa wakakuita. Wakakwambia tamasha limefana kiasi kwamba wanataka chumba kiwe cha sanaa. Nilipita hapo juzi, nikachungulia. Wamekaa kwenye meza ile ile wanafinyanga vyungu. Vyungu vimepinda, havishiki hata maji, na wanachekelea.

Kulsumbai anasafisha ofisi. Mama Jaswinder yuko uwanja wa ndege anapanga sahani za plastiki za abiria. Wanaonana mara moja moja kituo cha basi, wakikimbia.

Mie niko kwa fundi mmoja wa magari Barking, mikono imejaa grisi, sura bado ipo. Kila nikisikia mtu anasifu tamasha napandwa na mori. Mwaka huu watafanya tena. Bango liko mpaka kwenye kibanda cha simu: litaleta uhai na biashara mtaani. Nimeyachana matatu. Nikakaa kitako niandike gazetini, niwatukane wote kwa jina, kamati, kaunsili, mwenye zabibu. Nikaandika ukurasa mzima wa moto. Nilipofika pale kwenye mkutano wa kamati, kalamu ikakataa. Ndipo nikachukua karatasi nyingine nikaandika jina lako.

Kwa sababu siku ile ya kituo cha mabasi, ulipoondoka, wote tumesimama, uliniwekea mkono kichwani ukawaambia wenzako, "Huyu peke yake napigania sisi. Wanaume ingine nakula tu." Kulsumbai akalia. Nami nikainamisha kichwa nikapokea baraka, kama mtu aliyeistahili.

Magoti yako nayaombea kila Ijumaa, hilo ujue. Na ukimaliza kusoma, unitukane kwa Kiswahili chochote utakacho, sitakirekebisha tena.

Bwana Skafu hakutudanganya, Masi. Pale mkutanoni aliniuliza mwenyewe, kalamu mkononi: wanawake wenu watauza, au watatoa? Swali jepesi, na jibu ulishanipa. Lakini viti vyote vilikuwa vimejaa, watu wa michoro, watu wa mashairi, wasichana wa kuigiza wenye shanga mpaka kiunoni, na wote wamenigeukia mie, mtu ambaye mwalimu alikuwa akimweka nyuma ya darasa ili asisumbue. Nikasimama. Nikafunga kifungo cha koti la baba. Nikasema: "Sisi watu wa Afrika Mashariki, siku ya sherehe hatumuuzii mgeni chakula." Na si uongo. Kwetu Maulidi sinia hutoka bure, na wewe ulinihadithia Diwali za Jinja, sahani zikipita nyumba kwa nyumba. Wakapiga makofi, wengine wakasimama. Bwana Skafu akaandika, akanipa nitie saini, nikatia, na mkia mrefu chini ya jina. Nilidhani ni maneno ya kuupamba mkutano tu, siku yenyewe tutauza kama kawaida. Ile karatasi ya mtu wa utepe ilikuwa hiyo. Nilisoma sentensi yangu, nikaona saini yangu, nikaanza kupiga kelele haraka, kabla hujaniuliza imeandikwa nini.

Mwanao ambaye hukumzaa